Maharagwe Yaliyoliwa Kwenye Kilio Chako

Likasi, Jumapili, siku moja baada ya foire

Mama,

Nimekalia kiti chako. Najua. Miaka yote ulinifukuza hapo kwa kitambaa cha jikoni, ukisema kiti cha mkulima hakikaliwi na mtu wa ofisi. Lakini leo nina udongo kwenye kucha, tena udongo wa shamba lako, kwa hiyo niache kidogo. Foire, yale maonyesho ya mavuno ya parokia, ilikuwa jana. Ni ya kwanza tangu uondoke, na kuna jambo ambalo siwezi kumsimulia mtu yeyote kabla sijakusimulia wewe, ingawa nina hakika sehemu yake kubwa uliijua kabla yangu.

Kwanza habari za nyumbani, maana ungeanza kuuliza hizo. Watoto wazima. Mume wangu Jean anakoroma vilevile na anakataa vilevile. Tulibadilisha mabati mawili ya jikoni kabla ya mvua, yale yaliyokuwa yanakudondoshea maji shingoni ukipika. Mparachichi wa uani ulizaa mpaka tukachoka kula na majirani wakachoka kupokea. Shambani, upande wa Kamatanda, vijana wachimbaji walikuja na vyuma vyao wakaniomba wachimbe shimo moja, "moya tu, mama, ya kuangalia." Niliwajibu kwa sauti yako. Sikujua kama ninayo. Waliondoka wakicheka, lakini waliondoka. Jirani yetu wa bondeni alikubali, na sasa shambani kwake huwezi kutembea bila kuangalia unapokanyaga.

Foire yenyewe haijabadilika sana. Ni uwanja uleule wa shule ya parokia, na baridi ileile ya mwezi wa sita inayowafanya wamama wavae makoti ya waume zao juu ya vitenge. Papa Donat, katekista wetu mzee, bado ndiye mkuu wa kila kitu, na kipaza sauti chake bado kinatoa kelele nyingi kuliko maneno. Misa ilitangulia. Wamama waliingia na vikapu kichwani, wakicheza polepole mpaka altareni, nami nikiwa katikati yao nakosea hatua. Nje walikuwepo wauza samaki wa ziwa Tshangalele na moshi wao, na yule mama wa munkoyo anayemimina kutoka juu sana ili kikombe kijae povu kabla hakijajaa kinywaji. Watu walikuwa wachache kuliko zamani. Lakini meza zilijaa, Mama. Maboga, viazi vitamu, karanga, mahindi yaliyosukwa kwa maganda yake kama nywele za wasichana. Ungepita kila meza ukibonyeza kila kitu kwa kidole mpaka wenyewe wakukasirikie.

Na sheria ya meka bado ipo.

Unakumbuka nilivyokuwa naichukia? Kila mshindani anapika zao lake, sufuria zinapangwa bila majina, waonjaji watatu wanapita na vijiko vyao. Anayeshinda anapigiwa makofi, basi, halafu anapewa kazi: kabla watu hawajatawanyika, amjazie kila mshindani mwenzake meka moja ya mbegu ileile iliyomshindisha. Meka nzima, lile kopo la kupimia unga sokoni! Nilikuwa nakuambia huo ni wazimu, kwamba hakuna mahali popote duniani ambapo mtu anashinda halafu anawagawia aliowashinda kitu cha kumshinda nacho mwakani. Wewe ulikuwa unacheka tu. Ulichota kwa mikono miwili, ukarundika, ukarundika tena, mpaka maharagwe yakaanza kuteleza pembeni na kuanguka kwenye kitambaa cha mpokeaji. "Meka ya kupangusa njo ya soko," ulikuwa unasema. "Ya foire inapashwa kumwangika."

Nami nilikuwa nahesabu moyoni kila konzi iliyoondoka. Maharagwe yale hayakuwa ya kuchezea. Nkambo, mama yako, alikuja nayo Likasi amefunga kwenye ncha ya kitenge, siku alipomfuata mume wake aliyeandikwa kazi kwenye mgodi. Meupe, yenye jicho moja jekundu. Sokoni hayapo. Nilidhani kitu cha namna hiyo kinafungiwa, hakimwagwi uwanjani. Mkono wangu ni wa birika, ulisema mwenyewe, na hukukosea.

Sasa nifike pale.

Chuki yangu kwa Mama Kapinga unajua ilipoanzia. Ni ule mwaka aliposhinda yeye, kwa karanga zake. Tulipanga mstari, wewe umetandaza kitambaa chako cha maua juu ya viganja, mimi nyuma yako na changu, maana mwaka ule nami nilipika maboga ya uani. Zamu yako ilipofika alijaza meka, kisha akapitisha kiganja juu yake, akaisawazisha kama muuza unga. Kwako wewe, uliyemjazia miaka yote mpaka yakamwagika! Ulisema asante ukaondoka. Mimi nilirudi nyumbani nimevimba. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa, mengine juu yake, mengine juu ya watu wote wa kwao Kasai, wakati mimi mwenyewe nimesoma nao, nimesali nao, nimekula kwao. Ulinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu ukasema: "Mado, funga kinywa, osha masahani." Hakuna zaidi.

Ningejifunza siku ile. Sikujifunza.

Mwaka jana ulishinda ukiwa kitandani. Miguu ilikuwa imevimba, pumzi fupi, na daktari alikukataza kutembea. Jean alitaka kukuitia pikipiki ikupeleke hospitali na ukakataa katakata. Ulikuwa umeapa zamani kwamba hutapanda kitu hicho hata kama kinakupeleka mbinguni, na kweli ulikwenda hospitali kwa miguu, ukisimama kwenye kila ukuta. Basi foire nilikwenda mimi. Nilipika kama ulivyonielekeza kutoka kitandani, nikashinda kwa jina lako, nikajaza meka kwa niaba yako huku moyo ukiniuma kila inapomwagika. Mama Kapinga hakukaa mpaka mwisho. Mjukuu wake alikuwa na homa. Niliporudi ukaniuliza kama wote wamepata, nikasema wote isipokuwa yeye, ukasema nimpelekee yake kesho.

Ndoo zako mbili zilikuwa chini ya kitanda chako. Yenye kamba nyekundu kwenye mkono ilikuwa mbegu ya mwaka. Isiyo na kamba ilikuwa na maharagwe yaleyale lakini ya miaka minne, yaliyogeuka rangi ya chai, ambayo ulikuwa unayaweka kwa siku za njaa kali. Nilidhani umelala. Nilivuta ndoo isiyo na kamba. Nilijaza meka, na nikaipangusa kwa kiganja, Mama, nikaipangusa vizuri kabisa, ikawa sawa kama meza. Niliimimina kwenye kitambaa, nikaenda sokoni, nikamkabidhi Mama Kapinga kwenye kibanda chake. Alifungua, akaangalia, akafunga. "Umushukuru mama," alisema. Nilirudi nikijisikia mrefu.

Uliniuliza: "Ulimujazia muzuri?"

Nikasema: "Mpaka ikamwagika, Mama."

Ukageukia ukutani. Nilifikiri ni usingizi.

Mwezi wa tisa ulituacha. Sitaandika juu ya siku hiyo, ulikuwepo. Niandike juu ya kilio chako, kwa sababu hukuona jinsi kilivyojaa. Watu walitoka mitaa ya Panda, Kikula, Shituru, wengine walifika kutoka Lubumbashi na matandiko yao. Walilala uani siku nne. Kwaya mbili ziligombana ni ipi iimbe kwanza, ungecheka. Jikoni alishika usukani Tantine Régine, mdogo wako, na unajua Tantine akishika mwiko hata askofu anasubiri foleni. Tulikula bukari, ugali wetu, na maharagwe, bukari na majani ya sombe, bukari na maharagwe tena. Nakumbuka mtu alisema, maharagwe haya ni matamu ajabu. Nakumbuka niliitikia. Nilikula sahani mbili, kwa sababu tangu ufe hakuna kilichokuwa kimeshuka kooni na hayo yalishuka.

Baada ya watu kutawanyika niliona ndoo imeoshwa, imefudikizwa juu ya ukuta ikauke. Kamba nyekundu ilikuwa bado kwenye mkono.

Nilimkimbilia Tantine Régine na ndoo mkononi. Aliniangalia kama mtu aliyepungukiwa akili. "Minye nilionaka maharagi, nikapika maharagi. Bantu bote bale, ungetaka bakule nini? Ile ingine ni ya zamani, ingekula makala yote ya jiko." Ndivyo ilivyokuwa. Mpishi mzuri alikuwa amechagua vizuri. Maharagwe ya nkambo, yaliyokuja Likasi kwenye ncha ya kitenge, yaliishia kwenye kilio chako, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeongeza sahani. Siku ya kaburi nililia kama watu wote wanavyolia. Lakini siku ile nilikaa chini ukutani nikaikumbatia ndoo tupu, na hapo ndipo nililia hasa. Ilikuwa kama umekufa mara mbili, na mara ya pili nimesaidia.

Mvua zilipoanza nikajipa moyo. Si uligawa? Si kuna watu mjini wana meka zako? Nilianza kuzunguka. Mama Léonie wa karibu na kituo alikuwa ameipika jioni ileile ya foire, na alinishukuru upya kwa utamu wake. Baba mmoja wa Shituru alikuwa amehamia Kolwezi na kila kitu chake. Wengine wadudu walitoboa, wengine watoto walilia njaa, na nani angewalaumu? Kila nyumba nilipewa kiti, maji, na hadithi moja juu yako ambayo sikuwahi kuisikia. Mbegu sikupewa.

Ilibaki ndoo ya zamani. Nilichukua maharagwe ishirini, nikayafunga kwenye kitambaa chenye maji kama ulivyonifundisha, nikayaweka karibu na jiko. Baada ya wiki nilifungua. Hakuna hata moja lililochomoza. Yalikuwa yameoza na kunuka, na mimi nimesimama pale nimeyashika, ndipo nikaelewa kwa pua yangu mwenyewe nilimpa nini Mama Kapinga. Sikumpa maharagwe mabaya. Nilimpa kazi ya kulima, kupanda na kungoja mvua kwa kitu nilichojua hakitaota.

Papa Donat nilikutana naye baada ya misa. Nilimwambia mbegu yako imepotea. Alininyooshea kidole. "Uende kwa Mama Kapinga. Ule hakulake mbegu." Nilitaka kumwambia kwa nini haina maana. Sikuweza. Nilisema, "Ndiyo, Papa," nikaenda nyumbani nikakaa siku tisa bila kwenda popote.

Mama, mimi ni mtu wa maneno mengi, unajua, lakini kwa siku tisa sikuwa na neno hata moja. Jean aliniuliza kama naumwa. Kilichoniinua si ujasiri. Ni kwamba ukingoja sana kupanda maharagwe mvua inakukimbia, na nilijua hata kama sina mbegu kuna mwanamke huko Kikula anayejiandaa kupanda zile nilizompa. Angalau nimzuie asipoteze jasho lake. Nilijaza kikapu maparachichi, nikaenda.

Alinipokea na "Moyo, Mado," salamu ya kwao, akanipa kiti, akanipa maji. Sikugusa maji. Nilisema yote nikiangalia kikapu: ndoo ipi, kwa nini, na jinsi nilivyopangusa. Nilisema pia maneno niliyoyasema nyumbani juu ya watu wake, ambayo hakuyasikia na hakuhitaji kuyasikia, lakini yalitoka tu. Nilisema: Mama Kapinga, usiyapande, hayataota, nimeyajaribu. Alisimama, akaingia ndani, na nikasikia anavuta kitu. Nilidhani anatafuta fagio anifukuze nalo.

Alirudi na mafurushi mawili. Aliyaweka juu ya meza, akayafungua moja baada ya jingine. La kwanza nililitambua kwa kitambaa na kwa ile rangi ya chai. La pili lilikuwa jeupe, Mama, jeupe lenye macho mekundu, limejaa.

"Hii njo yako," alisema. "Hii njo ya mama yako."

Halafu akanisimulia. Kwamba Ijumaa iliyofuata siku nilipompelekea yangu, jua likiwa kali, pikipiki ilisimama mbele ya mlango wake na mtu wa nyuma alikuwa wewe. "Mama yako, na pikipiki! Alikuwa anakamata shati ya ule kijana na mikono mbili, ikapasuka." Ulishuka unatetemeka. Uliomba maji, ukakaa kwenye kiti kilekile nilichokuwa nimekalia, na ulipopata pumzi ukafungua kitenge chako ukamtolea meka ya mbegu ya mwaka, na nyingine ndogo juu yake kwa ajili ya ile iliyotakiwa kumwagika. Nikamuuliza ulisema nini. "Alisema, mutoto yangu alikosea ndoo. Chumba iko giza, hakuonaka kamba."

Chumba chako kina dirisha kubwa kuliko yote ya nyumba hii.

Basi uliona. Hukuwa umelala. Uliona mkono wangu ukivuta ndoo ile, uliona kiganja changu kikipangusa, na ukanisubiri nirudi ili unipe nafasi ya kusema kweli, nami nikakuambia mpaka ikamwagika. Na hiyo Ijumaa naikumbuka! Nilirudi kazini nikakukuta kitandani na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Ulisema ulikuwa unafagia uani. Nilikukemea, Mama. Nilikuambia wewe ni mkaidi, utajiua kwa ufagio. Ulichukua kemeo langu kama dawa.

Nilimwambia Mama Kapinga, sikukosea ndoo. Alisema, "Najua. Na mama yako alikuwa anajua najua." Kabla sijaondoka nilithubutu kumuuliza juu ya karanga, ule mwaka, ile meka aliyokupangusia. Alishangaa. "Karanga? Bantu balikuwa mingi, karanga kidogo. Nilipangusa ya bote." Wote. Na yangu pia, nyuma yako. Sikuiangalia hata yangu, Mama, nilikuwa naikodolea macho ile yako. Miaka mitatu nimebeba hasira ya kitu ambacho kila mtu uwanjani alipewa sawasawa.

Alinigawia nusu ya furushi lako. Alihesabu kwa macho, akasogeza kidogo upande wangu. Maparachichi alichagua mazuri, mabovu akanirudishia. Hapo nikajua amenisamehe.

Nilipanda wiki ileile. Nilipanda vibaya mwanzo, karibukaribu kama mtu anayeogopa nafasi, ikabidi nipunguze. Mgongo uliuma mpaka nikakuheshimu upya. Lakini yaliota. Asubuhi ile nilipoona mistari imeinua udongo, nilipiga kelele mpaka wachimbaji wa upande wa pili wakasimama kuangalia kama nimepata madini.

Na jana ndiyo foire. Niliweka meza yangu pale pale ulipokuwa unaweka yako, chini ya ukuta wa darasa la tatu, na juu yake bakuli la macho mekundu. Meza ya tatu kutoka kwangu, Mama Kapinga ameweka bakuli lilelile. Papa Donat alipita akaangalia moja, akaangalia jingine, akavua kofia. Hakusema kitu kwenye kipaza sauti, na yule mzee husema kila kitu kwenye kipaza sauti.

Waonjaji walihangaika na sufuria mbili. Walirudia, wakanong'onezana, wakarudia tena. Nilikuwa nimejikaza, mikono imeshika meza. Nilitaka kushinda, nisikudanganye, nilitaka sana, nilitaka jina lako lisikike. Lakini nilikuwa nimetia chumvi mapema, kosa lile ulilonikataza mara mia, na maganda yalikuwa yamekaza. Alishinda Mama Kapinga. Papa Donat alilitangaza jina lake, kisha akaongeza, kipaza sauti kikipiga mluzi, "na maharagi ya marehemu mama Astride." Uwanja wote ulipiga makofi. Nami pia. Nilipiga mpaka mikono ikawaka, na sikuona wivu hata ukubwa wa punje.

Kwa hiyo mwaka huu sikusimama nyuma ya ndoo. Nilipanga mstari na wenzangu, kitambaa chako cha maua kimetandazwa juu ya viganja vyangu. Zamu yangu ilipofika, Mama Kapinga aliweka meka juu ya kitambaa akaanza kujaza. Alijaza mpaka ukingoni, akaongeza konzi. Akaongeza nyingine. Yalianza kuteleza, yakajaa kitambaa, yakapita kwenye vidole vyangu yakaanguka vumbini, naye bado anachota, na watu wakaanza kucheka na kupiga vigelegele. Tulichuchumaa sote wawili tukayaokota moja moja. Alikuwa karibu na sikio langu aliposema, "Mado, ufunge kamba. Usikosee ndoo." Nilicheka mpaka nikalia, au nililia kwanza, sikumbuki.

Mama, nilikuwa nataka barua hii iwe ya kuomba msamaha, lakini nikiandika naona msamaha ulishanipa kabla sijajua nauhitaji. Kilichobaki kwangu ni shukrani. Asante kwa kutoniaibisha siku ile, ingawa ungeweza kwa neno moja. Asante kwa kumwachia mtu mwingine kitu changu bila kuniambia, ili nikakipokee mikononi mwake. Asante hata kwa kile kilio kilichokula kila kitu. Kama Tantine Régine angechagua ndoo nyingine, ningepanda bila kuuliza mtu, na leo ningekuwa bado sijawahi kukaa kwenye kiti cha Mama Kapinga.

Ndoo iko chini ya kitanda chako, imejaa, kamba nyekundu kwenye mkono. Nimemwonyesha Tantine Régine, nimemfanya aishike kamba kwa mkono wake, na nimemwambia siku yangu ikifika wanunue maharagwe ya soko. Nakuahidi kulima shamba lile na kutompa mtu yeyote shimo hata moja. Nakuahidi chumvi mwishoni. Na nakuahidi kwamba siku nitakaposhinda, nitajaza meka ya kila mmoja kwa mikono miwili, bila kuhesabu moyoni, mpaka imwagike.

Lala salama, Mama. Asante kwa kupanda pikipiki.

Mwanao aliyekosea ndoo,
Mado